Safu ya Kusubiri

Nimeitembea Moshi kwa miguu, kilomita arobaini na moja za lami,
nikisukuma gurudumu la kupimia linalolia tik kila mita,
kuanzia Kiusa, asubuhi, wenye maduka wakifagia vumbi lao
na kulirudisha barabarani.
Kila mita mia nasimama, nainama, naandika:
ufa wa unywele.
Ufa wa kidole.
Ngozi ya mamba, yaani lami iliyokwisha kata tamaa,
inangoja tu lori la mchanga liipe ruhusa ya kuvunjika.

Korongoni mjakaranda umeinua njia ya waenda kwa miguu
kama mtu anayeamka chini ya shuka.
Muuza ndizi ameisawazisha meza yake
kwa vipande viwili vya njia hiyo hiyo.
"Unapima viwanja?"
Napima barabara.
"Ya kujenga?"
Ya kutunza.
Akacheka hadi akashika meza. "Kumbe nazo hutunzwa!"
Sikuliandika. Fomu haina nafasi.

Februari, ghorofa ya pili, kikao cha bajeti.
Fungu letu ni shuka la mtoto:
ukilivuta lifunike Rau, Njoro inabaki miguu nje.
Mhasibu Ndekirwa anagonga peni mezani.
Kila diwani ana shimo lake, na analisifia
kama mtu anayenadi ng'ombe.
Nikasimama na chati yangu, nikasema lisilopendwa:
tuanze na barabara nzuri.

Nzuri?

Nzuri. Yenye ufa wa unywele, ukiiziba leo
itakula shilingi moja.
Acha masika matatu yapite,
maji yashuke mlimani na haraka ya mdai,
itakula saba,
na chini yake hutakuta barabara tena,
utakuta udongo unaokumbuka kuwa shamba.
Iliyokwisha kufa inaweza kungoja.
Haifi mara ya pili.

Methali tunayo, ile ya ufa na ukuta.
Tunaihubiri harusini, watoto wanaiandikia insha,
na kila mwaka, bila kukosa,
tunapanga bajeti ya ukuta.

Wakanuna, wakanywa soda, wakapitisha.
Ndekirwa akanisogezea jedwali nitie sahihi.
Safu ya kwanza: kuziba nyufa.
Ya pili: tabaka jipya.
Ya tatu: kusubiri.
Na hapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
Pasua, mtaa wa nyuma ya mashine ya kusaga,
mita mia sita na ishirini, daraja la mwisho.
Kwenye mita ya mia nne na kumi
kuna geti la mama yangu.

Nikatia sahihi.

Jumapili nilimpelekea mchele, viatu mkononi.
Alikuwa amejaza shimo kwa vifusi vya matofali
na maganda ya kahawa aliyoomba kiwandani.
Mtaa mzima ulinukia kama kikombe kilichosahaulika.
"Vipi barabara yetu," akauliza, "wewe uliye huko huko?"
Nikapuliza chai iliyokwisha poa.
Nikasema, kuna mpango.
"Mpango," akasema mama Eliaichi,
kwa sauti ile anayolitajia jina la kaka yake
aliyekwenda Mererani kuchimba mwaka mmoja tu.

Usiku nikalifungua jedwali. Hesabu ilikuwa sahihi.
Niliipitia mara tatu nikitafuta kosa,
nikiomba kosa,
hata la desimali.

Jumamosi nikakodi toroli, nikanunua kokoto kwa mshahara wangu.
Tulijaza shimo moja, lile la mbele ya geti,
mama akishika sepetu vizuri kuliko mimi niliyeisomea.
Jirani akatoka, akatazama, akaenda kuleta ndoo.
Halimo katika safu yoyote, shimo hilo.
Kwa mujibu wa fomu
bado lipo.